Simu ya Mkononi na Mgonjwa wa Akili: Tumrudishe Mwenzetu Barazani

(Haya ni maelezo ya mazungumzo na walimu na watumishi wa Serikali wa Wambaa, Mkoa wa Kusini Pemba, juu ya matumizi ya simu katika kuwasaidia watu wenye ugonjwa wa skizofrenia.)



Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya jambo ambalo, kwa mwenye kulisikia mara ya kwanza, linaweza kuonekana kama mzaha: simu ya mkononi kuwa chombo cha kumsaidia mgonjwa wa akili. Wengi wetu tumezoea kuilaumu simu kwamba ndiyo inayowavuruga vijana wetu. Iweje leo iitwe msaada? Naomba mnivumilie. Sikuja kuisifu simu, wala kuipigia debe programu yoyote. Nimekuja kuzungumza juu ya upweke wa binadamu wenzetu, na kuuliza kama chombo hiki ambacho tayari kimo mifukoni mwetu kinaweza kuupunguza.

Kwanza hatuna budi kufahamiana juu ya ugonjwa wenyewe. Skizofrenia ni ugonjwa wa akili ulio mzito. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba walikuwapo watu wapatao milioni 24 duniani wenye ugonjwa huu, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu 300. Aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, na kwa wanaume huanza mapema zaidi kuliko kwa wanawake. Hii ina maana kwamba mara nyingi mtu wa kwanza nje ya familia kuona mabadiliko ni mwalimu. Kijana aliyekuwa hodari anaanza kukaa peke yake, hajali mavazi yake, anacheka au kunung'unika bila sababu inayoonekana, anawashuku wenzake kwamba wanamsema. Skuli humwita mtoro au mkaidi, na miezi ya thamani hupotea.

Dalili za ugonjwa huu ni za namna mbili. Zipo zinazoongeza kitu kisichokuwapo: sauti ambazo mgonjwa anazisikia peke yake, na imani thabiti ya mambo ambayo wengine hawayaoni. Na zipo zinazoondoa kitu kilichokuwapo: hamu ya kazi, maneno, uchangamfu, haja ya kuonana na watu. Dawa zilizoanza kutumika katika miaka ya 1950 zimefanya kazi kubwa katika kuzituliza dalili za namna ya kwanza. Kwa dalili za namna ya pili nguvu ya dawa hizo ni ndogo. Hapo ndipo shina la mazungumzo yetu lilipo.

Mgonjwa akiacha kupiga kelele, nyumba hupumua, majirani hupumua, na watu husema amepona. Lakini mtazameni vizuri. Anakula peke yake. Msimu wa karafuu ukifika haitwi kuchuma wala kuchambua, kwa kuwa watu wanaona hataweza. Kwenye harusi anaambiwa abaki kulinda nyumba. Barazani, bao linapochezwa, hakuna anayemsogezea nafasi. Simu ya video ikipigwa na jamaa aliye Maskati au Dar es Salaam, simu huzungushwa nyumba nzima, bibi asalimie, watoto wasalimie, na ikifika kwake hurukwa. Kisha jamaa huuliza, "Na huyo hali yake je?" na kujibiwa, "Yupo, hajambo." Kusema kwamba mtu yupo si sawa na kusema naye. Wazee wetu walisema mtu ni watu, na mtu huyu hana tena watu.

Nisieleweke vibaya kwamba jamii yetu haina huruma. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Juli McGruder, aliishi Zanzibar katika miaka ya 1990 akichunguza maisha ya familia zenye wagonjwa wa ugonjwa huu. Alichokiona ni kwamba familia nyingi hazikumlaumu mgonjwa. Waliosema kuwa ni shetani au mtihani wa Mwenyezi Mungu hawakusema kuwa ni kosa lake, na kwa hiyo alibaki nyumbani, akipewa chakula na kazi ndogo ndogo, bila makaripio ya kila saa. Wataalamu wa nchi nyingi wamekwisha kuona kwamba mgonjwa anayeishi katika nyumba ya makaripio hurudiwa na ugonjwa upesi zaidi. Basi katika hili sisi tuna hazina ambayo wengine wanaitafuta kwa mradi.

Hata hivyo hazina hiyo isitulevye. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani ulioanza katika miaka ya 1960, ambao ulihusisha pia mji wa Ibadan nchini Nigeria, ulionyesha kwamba wagonjwa katika nchi zinazoendelea walipata nafuu zaidi kuliko wale wa nchi tajiri. Habari hiyo ilitufurahisha kwa miaka mingi. Lakini uchunguzi wa baadaye katika wilaya ya Butajira, Ethiopia, ulionyesha wagonjwa wengi ambao ugonjwa wao uliendelea mfululizo na ambao walikufa kabla ya wakati. Na mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba katika nchi zipatazo 60 wapo watu wanaofungwa minyororo au kufungiwa ndani kwa sababu tu ya ugonjwa wa akili. Huruma isiyokuwa na tiba inachoka, na huruma ikichoka huchukua kamba.

Sasa simu inaingia wapi? Nitataja mifano minne kutoka nchi za wenzetu, na nitaieleza pamoja na mipaka yake.

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Mwaka 2014 ilichapishwa habari ya programu ya simu iitwayo FOCUS. Watu 33 wenye skizofrenia au ugonjwa wa jamii yake walipewa simu hiyo kwa muda wa mwezi mmoja. Iliwauliza mara kadhaa kwa siku juu ya sauti wanazosikia, usingizi, dawa, hali ya moyo, na maingiliano yao na watu, kisha ikawapa ushauri mfupi. Wengi walikuwa wamedhani kwamba wagonjwa wa namna hii wataitupa simu au kuiogopa. Ikawa kinyume: waliitumia karibu kila siku, na zaidi ya nusu ya matumizi waliyaanzisha wao wenyewe bila kukumbushwa. Somo la kwanza, basi, ni kwamba mgonjwa huyu anataka kujisaidia, na anaweza.

Mfano wa pili ni wa China, katika vijiji vya Liuyang, jimbo la Hunan. Huko hawakutumia hata programu; walitumia ujumbe mfupi wa maandishi, ambao unaingia katika simu yoyote. Wagonjwa 278 walifuatiliwa kwa miezi sita. Nusu yao waliendelea na huduma ya kawaida ya dawa za bure. Nusu nyingine waliongezewa ujumbe wa kuwakumbusha dawa, na ujumbe huo ulikwenda pia kwa jamaa aliyekubali kuwa msaidizi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba katika kila vidonge 100 waliotumiwa ujumbe walimeza 61, na wenzao 48. Kulazwa tena hospitali nako kulipungua. Tuangalie jambo hili kwa makini: ujumbe haukumwendea mgonjwa peke yake. Nyuma ya simu alikuwapo mtu.

Mfano wa tatu unatoka Melbourne, Australia. Vijana 170 waliopata kuugua kwa mara ya kwanza walifuatiliwa kwa miezi 18. Baadhi yao walifunguliwa mtandao wao wa faragha uitwao Horyzons, ambamo walizungumza wao kwa wao, pamoja na wataalamu na vijana wengine waliokwisha kupitia ugonjwa huo. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Katika kipimo cha maingiliano ya kijamii, hawakuwazidi wenzao waliopata huduma ya kawaida. Lakini walipata kazi au kurudi masomoni kwa wingi zaidi, na walikimbizwa hospitali kwa dharura mara chache zaidi. Wapo watakaosema mradi ulishindwa. Mimi nasema umetufundisha kwamba mazungumzo ya mtandaoni peke yake hayamjengei mtu urafiki, bali yanaweza kumtia nguvu ya kutoka nje na kwenda mahali ambapo watu wapo.

Mfano wa nne uko karibu zaidi na mazingira yetu. Nchini Ghana wagonjwa wengi hupelekwa kwanza kwa waganga na katika kambi za maombi, na baadhi yao hufungwa huko. Wataalamu wa Ghana na Marekani walitengeneza programu ya simu ambayo haikukusudiwa mgonjwa bali mganga. Kwa michoro, sauti na video, katika lugha ya wenyeji, inamfundisha jinsi ya kuzungumza na mgonjwa aliyechafukwa, jinsi ya kumtuliza bila kumfunga, na haki zake kama binadamu. Hawakuanza kwa kumtukana mganga. Walianza kwa kumfundisha. Pemba ni kisiwa chenye waganga wengi, na ni dhahiri kwamba familia nyingi hupita kwao kabla ya kufika hospitali. Tukiwafanya kuwa maadui, watawaficha wagonjwa. Tukiwafanya kuwa wenzetu, watawaleta.

Ndugu Mwenyekiti, tukiijumlisha mifano hii tunapata neno moja. Simu inamfaa mgonjwa pale inapomfikisha kwa mtu, na haimfai pale inapokaa mahali pa mtu. Programu inayomtoa mgonjwa chumbani na kumpeleka barazani ni dawa. Programu inayomfanya akae chumbani akitazama kioo kutwa kucha ni chumba kingine ndani ya chumba.

Je, sisi hapa tunaweza? Nasema tunaweza, kwa sababu hatuanzi kutoka katika sifuri. Zanzibar imekwisha kuonyesha njia. Mpango wa Wizara ya Afya uitwao Jamii ni Afya ulienea katika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba mwaka 2021, ukiwa na wahudumu wa kujitolea wa jamii zaidi ya 2,000. Wahudumu hao hupita nyumba kwa nyumba na simu mkononi, na simu huwaongoza maswali ya kumwuliza mama mjamzito na dalili za kumtazama mtoto mdogo. Basi mhudumu huyo ambaye amekwisha kuingia nyumbani, ambaye mama anamwamini, anashindwa nini kuongezewa swali moja: je, katika nyumba hii yumo mtu aliyejitenga, asiyezungumza na wenzake, au anayesikia sauti? Tukiona inafaa kwa mtoto wa miaka miwili, haiwezi kukosa kumfaa kaka yake wa miaka ishirini na miwili.

Aidha, huku Tanzania Bara umefanyika mpango uitwao Kuwezeshana Kupata Uzima, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Mgonjwa na jamaa yake, jozi 66 kwa jumla, waliitwa wakae na kujifunza pamoja juu ya ugonjwa, dawa, kazi na maisha ya nyumbani. Mpango ule haukuhitaji mitambo mikubwa. Mafunzo ya namna ile yakiwekwa katika sauti na picha, kwa Kiswahili fasaha, yanaweza kufika Wambaa bila mgonjwa kupanda boti.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, tuanze na simu ndogo. Wapo wengi wenye kitochi tu. Ukumbusho wa dawa na wa siku ya kliniki unaweza kwenda kwa ujumbe mfupi, kwa mgonjwa na kwa jamaa mmoja ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua. Lakini tusisahau kwamba kumkumbusha mtu dawa ambayo haipo kituoni ni kumfanyia kejeli. Dawa itangulie, ujumbe ufuate.

Pili, pawe na zamu ya kumpigia. Watu wanne au watano, jamaa, mwalimu mstaafu, mwenzake wa skuli, wagawane siku za wiki. Simu ya dakika tatu yatosha: kumwamkia, kumwuliza alichokula, kumwambia habari za mvua na samaki, kumwita aje kesho asubuhi kusaidia kuanika karafuu. Na wewe ulioko Maskati, usiulize tu hali yake. Sema apewe simu.

Tatu, ikitengenezwa programu, itengenezwe kwa watu wetu. Iseme Kiswahili cha watu wazima, isiwe tafsiri ya haraka haraka. Ifanye kazi hata pasipo intaneti, maana kifurushi ni gharama. Itumie sauti zaidi kuliko maandishi. Na kazi inazompa mgonjwa ziwe za kumtoa nje: leo msalimie jirani mmoja, kesho nenda dukani mwenyewe, Ijumaa rudi na wenzako mkizungumza njiani. Wagonjwa wenyewe na jamaa zao waulizwe tangu mwanzo, kwa kuwa aingiaye kisimani ndiye ajuaye kina chake.

Nne, nyuma ya kila programu awepo mtumishi wa afya anayejulikana kwa jina na anayepokea simu. Programu ikigundua kwamba mtu halali siku tatu, au anataka kujidhuru, nani ataambiwa? Swali hilo likikosa jibu, programu isianze.

Ndugu walimu, ndugu watumishi, simu ina hatari zake, na hatari kubwa katika hizo hazitokani na mtambo. Zinatokana na sisi.

Ya kwanza ni siri. Habari za ugonjwa wa mtu si mali ya kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa na Bunge mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini hata kabla ya sheria tulikuwa na neno sitara. Karani anayesoma faili na kulisimulia kwenye kahawa amemvua nguo mwananchi aliyemwendea kwa shida.

Ya pili ni picha. Leo mtu akichafukwa sokoni, kabla hajapatikana wa kumshika mkono, zimekwisha kuinuliwa simu kumi za kumrekodi. Video ile huvuka bahari kabla ya machweo. Mgonjwa atapata nafuu baada ya wiki sita, lakini video haipoi. Ataitazama yeye, atatazama mamaye, watatazama wakwe, na siku atakapoomba kazi atatazama mwajiri. Hakuna programu ya kumrudisha mtu katika jamii itakayofaulu ikiwa simu hiyo hiyo ndiyo iliyomfukuza. Jambo hili lifundishwe madarasani, na lianze kwetu sisi watu wazima.

Ya tatu ni hila. Mtu ambaye ugonjwa umemdhoofisha uamuzi ni windo jepesi la matapeli na michezo ya kamari ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Jamaa amsaidie mgonjwa kulinda namba yake ya siri, bila kumnyang'anya simu.

Ya nne ni kulazimisha. Wapo wagonjwa ambao ugonjwa wao wenyewe unawaambia kwamba simu inawapeleleza. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe kuishika. Kwake mguu wa jirani ndio programu, na mlango wake ubishwe kwa hodi ya kawaida.

Nimalizie kwa wajibu wetu. Mwalimu, ukimwona mwanafunzi wako amebadilika, usianze na fimbo wala usikimbilie kumfuta jina. Mwite mzazi, mwelekezeni kituo cha afya, na akirudi baada ya matibabu kiti chake kiwe hakijakaliwa. Mtumishi, mwenzako ofisini akiugua na kupata nafuu, usimpe meza ya pembeni isiyokuwa na kazi. Kazi ni mojawapo ya njia za kumponya. Sheha na wazee, majina kama mwehu na chizi yaachwe. Mtu huyu anaitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tukimlaza hospitali ya Kidongo Chekundu, tukumbuke kwamba hospitali inamrudishia usingizi na utulivu, lakini haiwezi kumrudishia majirani. Majirani ni sisi.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba duniani hata mmoja katika kila wagonjwa watatu wa namna hii hapati huduma ya kitaalamu. Madaktari wa maradhi ya akili hawatatosha kesho wala keshokutwa. Simu zipo, na watu wapo. Ndugu zangu, kila mmoja wetu anamjua mtu mmoja ambaye zamani alikuwa akizungumza naye na sasa hazungumzi naye tena. Kabla hatujaisubiri programu ya kutengenezwa, tunaweza kuanza kwa namba yake, na kama hana namba, tunajua anakoishi.